Kilatini kwa Njia ya Kiswahili: Ufundishaji na Tafsiri katika Mazingira ya Dzaleka na Lilongwe, Malawi

Ikisiri

Makala hii inaeleza jinsi Kilatini kinavyoweza kufundishwa na kutafsiriwa kwa Kiswahili moja kwa moja, bila kupitia Kiingereza au Kifaransa. Mazingira yanayorejelewa ni makazi ya wakimbizi ya Dzaleka na mji mkuu wa Malawi, Lilongwe. Hoja kuu ni kwamba istilahi za Kilatini zilizobaki katika lugha ya sheria hupotoshwa zinapopewa visawe vilivyozoeleka bila kuzingatia sarufi na muktadha wake, na anayeathirika na upotoshaji huo ni mkimbizi.

1.0 Utangulizi

Dzaleka ipo katika wilaya ya Dowa, takribani kilometa 40 kutoka Lilongwe. Wakati wa utawala wa Hastings Kamuzu Banda palikuwa gereza, na miongoni mwa waliofungwa humo walikuwamo watu waliozuiliwa kwa sababu za kisiasa bila kufikishwa mahakamani. Mwaka 1994, mwaka ambao Banda alishindwa katika uchaguzi wa vyama vingi, mahali hapo palifanywa makazi ya wakimbizi. Makazi hayo yalikusudiwa kupokea watu kati ya 10,000 na 12,000, lakini sasa yana zaidi ya watu 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda.

Kiswahili ni miongoni mwa lugha kuu za mawasiliano ndani ya makazi. Wenyeji wa Dowa huzungumza Kichewa, na nyaraka za ofisi za Lilongwe huandikwa kwa Kiingereza. Mkalimani wa Dzaleka husimama katikati ya lugha hizo, na ndani ya Kiingereza cha nyaraka hukutana na lugha nyingine asiyoitarajia, yaani Kilatini.

2.0 Njia Mbili za Kilatini

Kilatini kiliingia katika mazingira haya kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya Malawi yenyewe. Mwaka 1981 Banda alifungua Kamuzu Academy huko Mtunthama, wilaya ya Kasungu, ambako Kilatini kilifanywa somo la lazima. Kwake yeye, asiyejua Kilatini hakuwa ameelimika kikamilifu. Kwa sababu hiyo, Wamalawi wengi wanakiona Kilatini kuwa alama ya tabaka la juu.

Njia ya pili haizungumzwi sana. Katika shule za sekondari za Kongo kuna mkondo wa Kilatini na Falsafa, ujulikanao kama Latin-Philo, unaohitimishwa kwa mtihani wa taifa. Mhitimu wa mkondo huo akikimbia vita vya Kivu huondoka na ujuzi wake kichwani, hata kama cheti kimebaki nyuma. Hata hivyo, ujuzi huo aliupata kwa Kifaransa, lugha isiyotumika katika ofisi za Malawi. Kiswahili kinaweza kuwa daraja la kuuvusha.

3.0 Ulinganifu wa Kisarufi

Mwalimu anayefundisha Kilatini kwa Kiswahili ana nyenzo ambazo anayefundisha kwa Kiingereza hana. Ya kwanza ni umbo la kitenzi. Neno laudabimur hutafsiriwa kwa neno moja la Kiswahili, "tutasifiwa", ilhali Kiingereza huhitaji maneno manne na Kifaransa matatu. Lugha zote mbili hubeba nafsi, wakati na kauli ya kutendwa ndani ya kitenzi kimoja. Zinatofautiana katika mpangilio: Kiswahili hutanguliza nafsi, Kilatini huiweka mwishoni.

Ya pili ni upatanisho wa kisarufi. Neno agricola, "mkulima", lina mwisho wa -a unaoonekana kuwa wa jinsia ya kike, lakini husemwa agricola bonus, kwa kivumishi cha kiume. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapo. Neno "kijana" lina umbo la ngeli ya KI-VI, lakini husemwa "kijana mwema amefika", kwa kuwa maana imeshinda umbo.

Ya tatu ni mahali. Domi ni "nyumbani" na ruri ni "shambani". Katika Kiswahili kiambishi -ni huambatana na nomino za kawaida, lakini si na majina ya miji. Katika Kilatini umbo la mahali limesalia zaidi katika majina ya miji, kama Romae, "huko Roma", na katika nomino chache za kawaida.

Ugumu hujitokeza katika uhusika. Canis virum mordet na virum canis mordet zote zina maana ya "mbwa anamng'ata mwanamume", kwa sababu mwisho wa nomino ndio unaoonyesha mtenda na mtendwa. Kiswahili hutegemea mpangilio wa maneno na viambishi vya kitenzi, hivyo mwanafunzi lazima azoezwe kusoma mwisho wa neno kabla ya kuamua nani amefanya nini.

4.0 Kutoka Sarufi hadi Ukalimani

Uhusika huo ndio ufunguo wa istilahi za kisheria. Bona fide, ipso facto na prima facie zote zimo katika uhusika ambao Kiswahili huuwakilisha kwa "kwa": kwa nia njema, kwa jambo lenyewe, kwa mwonekano wa kwanza. Anayeijua kanuni hii hahitaji kukariri kila istilahi peke yake.

Chukua prima facie. Katika mahakama za Tanzania dhana hii imezoeleka kwa maneno "kesi ya kujibu", yaani ushahidi wa mashtaka unatosha kumtaka mshtakiwa ajitetee. Katika sheria ya wakimbizi, istilahi hiyo hiyo huhusu kutambuliwa kwa kundi la watu kuwa wakimbizi kutokana na hali iliyo dhahiri katika nchi waliyoikimbia. Mkalimani akichukua kisawe cha mahakamani, mtu anayepewa ulinzi atasikia kwamba anashtakiwa, na huenda akanyamaza pale anapopaswa kueleza. Tafsiri inayofaa ni "kutambuliwa kwa hali iliyo dhahiri".

Mfano wa pili ni habeas corpus. Habes ni "una", na habeas ni "uwe na". Mabadiliko ya irabu hufanya kazi ile ile inayofanywa na -e katika "ulete". Kwa hiyo maneno hayo ni amri kwa anayemshikilia mtu, nayo hueleweka vema kama "hati ya kuamuru aliyezuiliwa afikishwe mahakamani". Kwa mahali palipowahi kuwa gereza la watu wasiofikishwa mahakamani, istilahi hii si pambo la lugha.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala imeonyesha kwamba Kiswahili kina uwezo wa kuwa lugha ya kufundishia Kilatini, na kwamba uwezo huo una manufaa yanayovuka mipaka ya darasa. Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, wanaoajiri wakalimani wauhesabu mkondo wa Latin-Philo kuwa sifa ya kitaaluma. Pili, iandaliwe faharasa ya istilahi za Kilatini kwa Kiswahili, yenye maelezo ya muktadha wa kila istilahi, nayo isomwe na kusahihishwa na wazungumzaji wa Kiswahili cha Kongo pamoja na wa Kiswahili sanifu. Tatu, vyuo vya Afrika Mashariki vinavyofundisha tafsiri viandae sarufi fupi ya Kilatini kwa Kiswahili. Kazi hiyo itakidhi haja ya mtafiti, na pia ya mtu aliyeketi mbele ya meza ya ofisi akisubiri kuelezwa hatima yake kwa lugha anayoielewa.