Majivu, ndimu na siki vinasafisha nyumba, lakini chunga chupa

Katika majiko mengi ya Kibosho, Marangu na Rombo, majivu ya kuni hayatupwi yote. Huchekechwa, huhifadhiwa kwenye kopo kavu na hutumika kung'arisha sufuria. Mjini Moshi, ndimu za Soko la Mbuyuni na siki ya dukani hufanya kazi hiyo kwenye sinki na vioo. Ni njia nafuu, na zinafanya kazi.

Majivu ya kuni ni alkali. Yakilowana, hugeuza sehemu ya mafuta yaliyoganda kwenye chombo kuwa kama sabuni. Ndimu na siki ni asidi, hivyo huyeyusha ukoko mweupe unaoachwa na maji ndani ya birika.

Jaribu hivi nyumbani

Sufuria: Chekecha majivu, chovya kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, sugua kisha suuza mara moja. Yakikaa muda mrefu huipa sufuria ya alumini weusi. Vaa glavu kama ngozi yako hukauka au kupasuka.

Birika: Chemsha maji yenye juisi ya ndimu mbili au tatu, acha kwa nusu saa, mwaga na suuza vizuri.

Vioo: Changanya siki na maji kwa kiasi sawa, futa kwa kitambaa, malizia na gazeti kavu. Usitumie mchanganyiko huu kwenye sakafu ya terazo au marumaru, kwa sababu asidi huila.

Usichanganye ndimu na majivu au magadi ukidhani nguvu itaongezeka. Asidi na alkali huuana nguvu, na mkiufungia mchanganyiko huo kwenye chupa, gesi yake inaweza kuipasua.

Hatari iko wapi?

Hatari kubwa ni kuchanganya siki au ndimu na dawa ya klorini ya kutoa madoa, ile ambayo wengi huiita Jik. Hapo hutoka gesi ya klorini, ambayo huwasha macho, huleta kikohozi na kubana kifua. Chooni au bafuni kusiko na dirisha, mtoto au mwenye pumu huumia haraka zaidi. Ikitokea, toeni watu wote nje wapate hewa safi kwanza, usafi utasubiri.

Dawa hiyo ya klorini bado ina nafasi yake. Nyumba ikiwa na mgonjwa anayeharisha au kutapika, siki na ndimu haziwezi kuchukua nafasi yake. Itumie peke yake, kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye chombo.

Hatari nyingine ni chupa yenyewe. Siki, sabuni ya maji ya kupima na hata kostiki ya kutengenezea sabuni huwekwa kwenye chupa za soda au maji ya kunywa. Mtoto wa miaka miwili hasomi maandishi. Anaijua chupa tu. Kostiki huunguza mdomo na koo, na kovu lake linaweza kuziba njia ya chakula wiki kadhaa baadaye, mtoto akashindwa kumeza hata ugali.

Mtoto akimeza, usimtapishe, kwa kuwa kinachorudi juu huunguza mara ya pili. Msuuze mdomo kwa maji, usimlazimishe kunywa chochote, chukua chupa yenyewe na muwahi hospitali. Kwa walio Moshi, kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Mawenzi na KCMC.

Kabla ya kutengeneza dawa yoyote ya usafi, tafuta chombo ambacho hakijawahi kubeba kinywaji. Andika jina la kilichomo kwa kalamu isiyofutika, funga vizuri na kiweke juu, mbali na mikono midogo. Kisha pita jikoni na bafuni leo hii, ukague kila chupa ya soda iliyowekwa chini ya sinki.