Sigara Moja na Kiberiti cha Uzi

Ukipita vibanda vya mitaani Nairobi au Mombasa, tazama nondo za dirisha. Mara nyingi utakuta kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa uzi. Mwenye pakiti hutembea na chake. Hiki kimewekewa yule anayenunua sigara moja, akawasha palepale, akaenda zake.

Biashara hiyo imekatazwa. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Kenya ya mwaka 2007 hairuhusu sigara kuuzwa moja moja wala katika pakiti yenye chini ya sigara 10. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ulioanza kutumika 2005, nao unazitaka nchi zijitahidi kuizuia, hasa kwa ajili ya watoto: mwanafunzi hana pesa ya pakiti, ila sarafu hakosi. Mimi huwaza zaidi habari za mtu mzima anayejaribu kuacha.

Moshi ukivutwa, nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde 10 hadi 20 hivi. Ndiyo maana mwili huzoea upesi kuidai. Mtu akiacha, siku 2 au 3 za mwanzo ndizo chungu kuliko zote. Lakini ile hamu kali yenyewe, arosto kama wanavyoiita vijana, haikai: hupanda, hubana kwa dakika chache, kisha hulegea, uvute usivute. Sasa pima umbali wa duka. Kibanda kikiwa hatua 20 kutoka mlangoni, hamu hushinda ingali imepanda. Kikiwa mwendo wa nusu saa, huenda ikapita mtu akiwa bado anatafuta viatu. Tena sigara moja haihesabiki machoni pa anayeinunua. Pakiti ingemlazimu akiri kwamba amerudia. Na onyo lenye picha? Limebaki kwa muuzaji, pamoja na pakiti.

Tafiti za nchi kadhaa zimeonyesha kwamba penye maduka mengi ya tumbaku, wavutaji nao ni wengi. Hapa tuwe waangalifu, kwani duka nalo humfuata mteja. Ili kujua kipi kinazaa kipi, sharti maduka yapunguzwe kweli, kisha watu wafuatiliwe. New Zealand ilikaribia. Sheria iliyopitishwa Desemba 2022 ilikusudia kuyashusha maduka ya tumbaku kutoka takriban 6,000 hadi yasiyozidi 600, kuanzia Julai 2024. Serikali ikabadilika, na sheria ikafutwa Februari 2024, hata duka moja halijapunguzwa kwa mpango huo. Watafiti tukabaki na swali letu.

Anayetaka kuacha wiki hii hana haja ya kulisubiri jibu. Abadili njia ya kwenda kazini kwa majuma mawili matatu, asipite kwenye kibanda chenye ule uzi, na sarafu aziache nyumbani.