Sanduku la Kokoto: Samaki na Mboga Nyumbani, Katika Nchi ya Shaba

Umekwisha kutembea juu ya kilima cha shaba, hapa upande wa Kolwezi? Miti inakataa kuota pale. Utakuta majani mafupi tu, na kaua kadogo ambako wataalamu wanakaita Haumaniastrum. Kenyewe kamezoea udongo wa shaba, na watafuta-madini walikatumia kama alama ya pa kuchimba. Tukumbuke kaua hako, maana shaba ile ile inayotupatia mshahara ni sumu kwa mimea mingi, na kwa samaki zaidi.

Wengi wetu tunapanda lengalenga na matembele nyuma ya nyumba. Ni kazi nzuri. Lakini utafiti uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba watu wa Katanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya madini wana kobalti nyingi katika mkojo. Mwaka 2018 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa habari za Kasulo, mtaa wetu wa Kolwezi ambako tangu 2014 watu walichimba hata chini ya nyumba zao. Walikuta kobalti katika vumbi la nyumbani, na watoto wakiwa nayo kuliko wakubwa. Basi mama akiuliza, "Sasa tupande wapi, kama udongo uko vile?", hasemi ovyo.

Njia moja ni kupanda bila udongo. Unaweka tangi la samaki, na kando yake, juu kidogo, sanduku lililojaa kokoto. Maji ya samaki yanapanda katika sanduku, yanapita katikati ya mawe, kisha yanarudi kwa samaki. Uchafu wa samaki unatoa amonia, ambayo inawaua wenyewe ikizidi. Lakini juu ya kila jiwe wanakaa bakteria wadogo wasioonekana kwa macho, nao wanageuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Nitrati ndiyo chakula cha mboga. Kwa hiyo sanduku ndilo shamba, tena ndilo chujio. Likiharibika, samaki wanakufa.

Na kwetu linaharibika kwa urahisi kwa sababu ya mawe. Mawe yako kila mahali, ya bure! Kijana anapita kando ya lundo la mgodi, anajaza gunia, anafurahi. Usifanye hivyo hata kidogo. Jiwe lenye rangi ya kijani ni malakiti, ni shaba. Lile jeusi, zito, ninyi wenyewe munalijua, ni la kobalti. Makaa-mawe meusi ya tanuru la kuyeyushia usiyaguse. Tafuta kokoto za mto, mbali na pale wanapooshea madini, au vunja matofali ya kuchoma yaliyotoka kwenye udongo safi. Vipande viwe kati ya milimita 8 na 20. Mwagia vichache siki: vikitoa povu, vitupe, kwa maana vina chokaa, na malakiti pia inaweza kutoa povu. Lakini jiwe lisilotoa povu bado halijathibitishwa kuwa halina madini. Kwanza ujue limetoka wapi. Halafu osha, osha, mpaka maji yatoke meupe.

Ni vile vile kwa vyombo. Pipa lililobeba asidi au dawa ya kiwanda haliwezi kuwa tangi, hata ukiliosha mara kumi. Usitumie bomba la shaba, wala bati la zinki ndani ya maji. Ukivuna maji ya mvua, acha yale ya kwanza yaoshe vumbi la paa, yaende zake.

Ukubwa wa sanduku? Anza na meta moja kwa meta moja, kina cha sentimeta 30. Hizo ni lita 300, na kokoto zake zina uzito karibu kilo 500! Meza ya mbao za kuokota itavunjika, kwa hiyo jenga nguzo za matofali. Maji yapande mpaka yabaki sentimeta tano hivi chini ya uso wa mawe, kisha yashuke yote. Kokoto za juu zikibaki kavu, ukungu wa kijani hauoti na shina la mboga halioezi. Maji yakishuka, hewa inaingia kwa mizizi.

Tangi nalo liwe la lita 300. Mboga za majani kwenye meta moja ya mraba zinatosheka na gramu 40 mpaka 50 za chakula cha samaki kwa siku. Tilapia wanaokua, wakila sehemu mbili kwa mia ya uzito wao, watakuwa kilo mbili na nusu kwa jumla. "Ni wachache sana!" utasema. Ndiyo, na uchache huo ni akiba yako siku umeme unapokatika.

Maana umeme unakatika, sote tunajua. Pompi ikisimama, watoto wachukue ndoo. Sanduku hili linakubali lita 100 hivi, ndizo ndoo tano za lita 20. Yamimine taratibu, yarudi kwa tangi yakianguka kutoka juu ili yapate hewa. Asubuhi, mchana, jioni. Siku hiyo punguza chakula, au usiwape kabisa.

Sasa subira. Kabla bakteria hawajakaa vizuri zinapita wiki nne mpaka sita, na katika baridi ya mwezi wa sita na wa saba zinazidi. Weka samaki watatu au wanne kwanza, uwape kidogo sana. Tilapia hao nao wanachoka na baridi. Wakiacha kula, toa chakula kilichobaki kabla hakijaoza. Mboga usizing'oe zote siku moja, kwa maana samaki wanaendelea kuchafua maji hata kama hakuna mzizi wa kuyala. Vuna nusu, panda tena, halafu nusu nyingine.

Jambo moja la mwisho, na tusidanganyane: sanduku halizuii vumbi la barabara. Liweke nyuma ya ukuta au ua wa miti, mbali na njia ya malori, na lengalenga ioshwe mara mbili kwa maji safi kabla ya kuingia chunguni.