Mashine Hujumlisha, Mtu Hujibu

Wazazi wengi hupenda mtoto wao ajifunze kazi ya uhasibu. Ni vema. Lakini wengine wafikiri kwamba, kwa kuwa kompyuta yapiga hesabu, yatosha kijana ajue kuitumia. Tuchunguze neno hilo.

Mwaka 1494, mjini Venezia, mtawa wa Mtakatifu Fransisko, Luca Pacioli, alipigisha chapa kitabu kikubwa cha hesabu. Humo alieleza desturi ya wafanyabiashara wa mji ule: kila fedha huandikwa mara mbili, upande mmoja kitu kilichopokewa, upande wa pili mahali kilipotoka, na jumla za pande mbili sharti zilingane. Hata leo kompyuta hufuata kanuni hiyo. Kazi iliyomkesha karani usiku kucha, sasa hutimia kwa dakika chache.

Basi tazameni mfano. Ushirika wa wakulima walipa mifuko 100 ya simenti, nayo 80 tu yafika ghalani. Mhasibu akiandika 100 pande zote mbili, mashine haimlaumu. Hesabu zalingana, na uwongo umefichwa ndani yake. Yafaa ainuke mezani, aende ghalani, ahesabu mifuko, amwulize mwenye ghala kwa adabu, bila matusi na bila woga.

Elimu ni lazima pia. Tangu 2012 nchi yetu ya Kongo imo katika OHADA, umoja wa nchi 17 zenye sheria moja ya biashara, na tangu 2018 mpango wake mpya wa hesabu unatumika. Tena kwetu faranga na dola hutembea pamoja, na fedha nyingi hupita katika simu. Asiyeandika kima cha dola cha siku ile ataharibu kitabu chote.

Hata hivyo, mama muuza mihogo aliyeweka akiba yake katika ushirika hasomi vitabu hivyo. Ana haki ya kuelezwa kwa maneno mepesi fedha zake ziko wapi. Na siku mkubwa wa kazi, pengine ndugu wa ukoo, atakaposema «Geuza tarakimu hii», kompyuta itatii. Kijana wenu atajibu nini?

Enyi wazazi, jibu hilo hufundishwa nyumbani. Mtumeni mtoto sokoni, arudi na chenji, aeleze alichonunua na bei yake. Akikiri kosa, msimpige; mshukuruni kwa kusema kweli. Ndivyo atakavyozoea kutoa hesabu mbele ya watu, na mbele ya Mungu.