Mbona Mwalimu Hakimbii?

Wanangu, kuna watu wanaokimbia mbio ndefu kwa sababu ndiyo kazi yao, na kuna wengine wanaokimbia kisha wanawahi kazini. Hawa wa pili huitwa wakimbiaji wa ridhaa, na leo nawasimulia habari ya mmoja wao. Jina lake nalihifadhi. Tumwite Mwalimu tu, maana ndivyo anavyoitwa na mtaa mzima pale Sinza, Dar es Salaam, hata na watu ambao hajawahi kuwafundisha. Anafundisha hisabati shule ya msingi, ana watoto wawili, na mwaka huo alikuwa amejiandikisha Kilimanjaro Marathon, mbio za kilometa 42 na mita 195.

Mbio hizo hufanyika Moshi kila mwaka tangu 2003, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Sasa rudini nyuma kwenye kalenda. Anayetaka kuwa tayari siku hiyo lazima ajifue Desemba, Januari na Februari, na hiyo ndiyo miezi ambayo Dar inachemka. Mtu anatoka kuoga, kabla hajajifuta amelowa jasho tena. Ndiyo maana Mwalimu na wenzake walikuwa wakitoka saa 10:30 alfajiri, wakati walinzi wa majumba bado wamejikunyata na redio zao.

Wenzake walikuwa kina nani? Fundi cherehani mmoja, muuza matunda, kijana dereva wa bajaji, na Afande. Afande ni mwanajeshi mstaafu, mzee mwenye mvi na miguu mikavu, na ndiye aliyekuwa kocha. Hakuna aliyemchagua. Alianza tu kupiga mluzi siku moja na watu wakatii. Barabarani aliwaimbisha nyimbo za mchakamchaka, zilezile mnazoimba nyinyi shuleni asubuhi, na wasichojua wengi ni kwamba nyimbo zile zina faida ya pili. Mtu anayeweza kuitikia wimbo huku anakimbia bado ana pumzi. Akianza kuitikia kwa kukatakata, basi amezidisha mwendo. Afande hakuwa na saa ya kisasa ya kupima mapigo ya moyo. Alikuwa akitega sikio.

Jumanne na Alhamisi walikimbia mbio fupi. Jumamosi walikwenda Mlimani, kule Chuo Kikuu, kupanda na kushuka, kwa sababu njia ya Moshi ina mlima na Dar karibu yote ni tambarare. Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya mbio ndefu: Sinza, Morocco, Oysterbay, Daraja la Tanzanite na upepo wake wa baharini, mpaka Feri ambako samaki wa usiku wanapigwa mnada, kisha safari ya kurudi. Jumapili ya kwanza kilometa 18. Baadaye 22. Baadaye 26.

Lile joto, ingawa kila mtu alililalamikia, lilikuwa likiifundisha miili yao bila wao kujua. Mtu akikimbia kwenye joto kwa wiki mbili hivi, maji ya damu yake huongezeka, jasho huanza kutoka mapema zaidi, na chumvi inayopotea na jasho hilo hupungua. Ngozi inapoa vizuri, moyo haupigi kwa fujo. Moshi iko chini ya mlima na asubuhi yake ina ubaridi. Mtu wa Dar aliyezoea kukimbia ndani ya mvuke akifika kule anajiona kama kafunguliwa dirisha.

Wiki tatu kabla ya siku yenyewe ikaja ile Jumapili kubwa, kilometa 32. Hapa nataka msogee karibu, mumwone Mwalimu alivyojiandaa. Saa 9 na nusu usiku ameketi ukingoni mwa kitanda na kopo la mafuta ya mgando. Anapaka katikati ya vidole vya miguu, nyuma ya kisigino, kwapani na mapajani, kila mahali ambapo kitu kitasuguana na kitu kwa zaidi ya saa tatu. Soksi anaivuta mpaka lisibaki hata kunyanzi moja, kwa kuwa kunyanzi dogo kwenye kilometa ya 5 ni lengelenge kwenye kilometa ya 25. Raba zake ni za mtumba kutoka soko la Karume, ameshazikimbilia miezi miwili. Kijana wa bajaji alikuwa na raba mpya kabisa za rangi ya chungwa. Afande alizitazama, akamwambia azivae nyumbani akifagia.

Mfukoni Mwalimu alitia tende. Kwa nini tende? Hapo ndipo hisabati yake ilipoingia, na siku moja aliwaandikia wenzake kwa chaki kwenye ukuta wa kibanda cha muuza matunda. Mtu akikimbia kilometa moja, anatumia takriban kalori 1 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwalimu ana kilo 60. Kilometa 42 ni kama kalori 2,520. Sukari ambayo mwili wake unaweza kuitunza ndani ya misuli na ini, hata akiwa ameshiba vizuri, ni kama kalori 2,000. Gawanya 2,000 kwa 60.

“Thelathini na tatu,” alisema fundi cherehani, ambaye kila siku anagawanya vitambaa.

“Na mbio ni kilometa ngapi?”

Kimya.

Kwa kweli hesabu hiyo ni ya kukadiria, maana mwili hautumii sukari peke yake. Unatumia na mafuta, na mafuta tunayo tele. Kilo moja tu ya mafuta ya mwilini ingeweza kumkimbiza Mwalimu zaidi ya kilometa 100. Tatizo ni kwamba mafuta ni kama jiko la mkaa, yanawaka polepole, wakati sukari ni gesi, unawasha na moto uko palepale. Ukikimbia taratibu, mkaa unafanya sehemu kubwa ya kazi na gesi inadumu. Ukiondoka kwa mbwembwe, unamaliza gesi mapema, na ikiisha, miguu inakuwa mizito, kichwa kinazunguka, hata kujumlisha mbili na mbili kunakushinda, kwa sababu ubongo nao hutegemea sukari hiyohiyo. Ndiyo maana utawaona wakimbiaji wengi wanakata moto baada ya kilometa ya 30. Kwa hiyo tende. Alikula mbili kila baada ya kilometa 5, na alifanya hivyo mazoezini kwa makusudi, ili tumbo lizoee kufanya kazi huku miguu nayo inafanya yake.

Alirudi saa mbili na ushee asubuhi. Kilometa 32 zimekwisha. Akanywa uji, akaoga, akalala mpaka adhuhuri.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kuna jambo lililowashangaza wengi. Jumapili iliyofuata Mwalimu alikimbia kilometa 22. Iliyofuata, 13. Wiki ya mwisho alitoka mara tatu tu, nusu saa nusu saa, akirudi hata hajahema. Jirani akaanza kuuliza kama anaumwa. Binti yake wa darasa la sita akamwuliza waziwazi wakati wa chakula:

“Mama, mbio zimekaribia, mbona sasa ndiyo hukimbii? Umeogopa?”

Swali zuri sana. Mtu akikimbia mbio ndefu, baadhi ya nyuzi za misuli yake huchanika kidogokidogo, nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Akimaliza mazoezi yuko dhaifu kuliko alivyoanza! Nguvu anazozitafuta zinakuja baadaye, amelala, kwa sababu katika usingizi mzito ndipo mwili hutoa kwa wingi homoni ya ukuaji, na nyuzi zilizochanika hutengenezwa upya zikiwa imara zaidi. Kazi hiyo haiishi usiku mmoja. Mazoezi makali ya leo yanaweza kuchukua kama siku kumi au zaidi kabla hayajakupa faida. Kwa hiyo anayejitesa siku nne kabla ya mbio anajichosha tu. Faida yake ikifika, mbio zimeshakwisha.

Watafiti wa michezo wamelipima jambo hili mara nyingi. Mkimbiaji akipunguza umbali karibu nusu kwa wiki mbili au tatu za mwisho, huku akiacha mbio chache za kasi ili miguu isisahau, huongeza uwezo wake kwa asilimia 2 hadi 3 hivi. Mwalimu alitarajia kumaliza kwa dakika 290. Asilimia 3 ya 290 ni karibu dakika 9. Dakika tisa za bure, kwa kulala! Mimi sijui biashara nyingine inayolipa hivyo.

Lakini msidhani ni rahisi. Wakati wa kupunguza, mwili uliozoea kuchoka unaanza visa. Goti linauma Jumatatu, Jumanne limepona, Jumatano linauma la upande wa pili. Usingizi unakata saa tisa usiku. Mwalimu alikuwa mkali nyumbani mpaka watoto wakawa wanatamani atoke akakimbie. Na hapa ndipo mkimbiaji wa ridhaa anapotofautiana kabisa na yule wa kulipwa. Mnamjua Alphonce Simbu, Mtanzania aliyeshinda marathoni ya ubingwa wa dunia kule Tokyo Septemba 2025, akimpita Mjerumani kwa sekunde 0.03 baada ya kukimbia saa 2 na dakika 9. Watu husifu kilometa wanazokimbia mabingwa wa namna hiyo. Mimi nawaonea wivu kwa kitu kingine: wakimaliza mazoezi, kupumzika ni sehemu ya kazi yao. Mwalimu akimaliza mazoezi anasimama ubaoni kwa muda wa saa sita, anasahihisha madaftari 90, anapika. Kila saa ya usingizi ilibidi aipiganie. Wiki ile ya mwisho alizima simu saa mbili na nusu usiku, na kikao kimoja cha harusi alikihudhuria kwa kutuma mchango tu.

Kijana wa bajaji hakuyataka mambo hayo. Alijisikia ana nguvu, na alikuwa nazo kweli. Jumatano, siku kumi na moja kabla ya mbio, akatoka peke yake, akakimbia kilometa 30 ili, kama alivyosema, ajihakikishie. Ijumaa mfupa wa muundi ukaanza kumuuma mahali pamoja, pale unapobonyeza kwa kidole mtu anaruka. Afande alibonyeza mara moja. Kijana alikwenda Moshi pamoja na wenzake, lakini alitembea zile kilometa 5 za kujifurahisha, katikati ya watoto na kina mama waliobeba miavuli. Angalau zile raba zake zilipigwa picha nyingi.

Siku mbili za mwisho zilikuwa za kula. Wali, viazi, ndizi, chapati, uji wa sukari, mkate. Maharage na kabichi Afande aliyapiga marufuku, na sababu yake nadhani mnaijua, msicheke. Mizani ikaonyesha Mwalimu ameongezeka kilo moja na nusu, akashtuka. Hakunenepa. Kila gramu ya sukari inayotunzwa kwenye misuli hukaa na karibu gramu 3 za maji, kwa hiyo uzito ule ulikuwa akiba ya safari.

Maji nayo yana adabu yake. Watu wengi hudhani ukinywa zaidi ndiyo salama zaidi. Mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza marathoni ya Boston, Marekani, wakakuta asilimia 13 kati yao chumvi ya damu imezimuliwa kupita kiasi, na sababu kubwa ilikuwa kunywa kupita mahitaji. Hali hiyo ikizidi inaweza kuua. Mwalimu alikunywa kwa kiu yake, basi.

Asubuhi ya mbio, pale uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, aliondoka mwisho mwisho, akiimba kimoyomoyo. Kwa miaka mingi njia ya kilometa 42 imekuwa na hila yake: nusu ya kwanza ni nyepesi, barabara ya kuelekea Dar na kurudi, halafu unapopita mjini na kuona wenzako wa mbio fupi wanamaliza, wewe ndiyo unaanza kupandisha Mweka, kuelekea lile lango ambalo wapanda Kilimanjaro hutokea wakishuka. Migomba pande zote, watoto wanakunyooshea mikono, na mlima hauishi. Hapo akawapita watu wengi waliomwacha mapema, wengine wameketi pembeni wakitazama viatu vyao. Tende zilimtosha. Alimaliza kwa saa 4 na dakika 46, dakika nne chini ya hesabu yake, akadai zile tano nyingine zimeliwa na foleni ya choo kwenye kilometa ya 12.

Kitu kimoja hawakukifanyia mazoezi ya kutosha: kushuka. Kutoka Mweka kurudi mjini ni mteremko mrefu, na kwenye mteremko misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki, inavutwa na kukaza kwa wakati uleule, jambo linaloichana kuliko kupanda. Maumivu yake hayaji siku hiyo. Kilele chake ni siku ya pili. Jumanne Mwalimu alikuwa shuleni, darasa lake liko ghorofani, na njia pekee iliyomwezesha kushuka ngazi ilikuwa kugeuka, kushika bomba kwa mikono miwili, na kushuka kinyumenyume, ngazi moja moja, huku darasa la saba zima limejipanga kwenye kibaraza likitazama.

“Shikamoo Mwalimu,” alisema mmoja kwa heshima zote. “Kwani Moshi mlikimbia hivyohivyo?”