Tarakta ya zamani ikikataa kuinua jembe

Mulimaji, kama tarakta yako ya zamani inakataa kuinua jembe, usimuite mufundi kuifungua mbele ya kuangalia mafuta. Kuifungua katikati ni kazi ya siku nyingi na feza nyingi, na mvua ya kupanda haitakungojea.

Twaa mufano wa Ferguson TE20, iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, tangu 1946 mpaka 1956. Nyingine zingali zinalima. Pompi yake ya kuinua jembe inakaa ndani ya tumbo la nyuma, pamoja na meno ya vitesi, na yote yanatumia mafuta yale yale. Kwa hiyo mafuta yakipunguka au yakiharibika, jembe halipandi vema, na meno yanaumia vilevile.

Simamisha tarakta mahali pa sawa, shusha jembe mpaka chini, zima motere. Toa kijiti cha kupimia, angalia. Mafuta yakiwa meupe sawa maziwa, maji yameingia. Tarakta ikilala inje, maji ya mvua yanapita kwa kifuniko cha mupira kilichopasuka, kile cha mukono wa vitesi. Mwaga mafuta yote, weka mapya ya aina iliyoandikwa katika kitabu cha tarakta, na mupira mupya. Kuongeza mafuta mapya juu ya mabaya ni kutupa feza.

Mafuta yakiwa mazuri, shika mukono mudogo unaozungusha chuma cha nyuma. Chuma hicho ndicho kinachozungusha pompi: mukono usipowekwa mahali pake, pompi inalala, hata motere ilie namna gani. Tena ukikanyaga ambreyaje, pompi inasimama. Inua jembe mguu ukiwa mbali na pedali.

Jembe likipanda kwa kurukaruka, valvu moja ya pompi haifungi vema. Likipanda vema lakini linashuka upesi lenyewe, mafuta yanapenya kwa pistoni ao kwa valvu. Hapo muite mufundi. Lakini wewe wala yeye asiingie chini ya jembe lililoinuliwa na mafuta tu. Linaanguka pasipo kuonya, nalo linaua. Weka kwanza magogo yenye nguvu.

Kuna shida nyingine: motere inalia, tarakta haipandi kilima, na unasikia harufu ya kuungua. Ambreyaje inateleza. Pima pedali: inapasa kushuka bure karibu sentimetri 2 mbele ya kuanza kukaza. Kisha tafuta tundu dogo chini ya nyumba ya ambreyaje, lenye kipini cha chuma ndani. Mafuta meusi mepesi yakidondoka pale, yametoka kwa motere. Mazito yametoka kwa vitesi. Mwambie mufundi habari hiyo mbele hajafungua, apate kununua duara la kuzuia mafuta linalofaa. Tundu lenyewe usilizibe, na kipini usikitoe: kinatikisika ili matope yasikauke ndani.