Namba Ndani ya Shina

Februari 2020 wezi waliingia usiku katika makumbusho ya bonsai (miti inayodumazwa kwa makusudi ndani ya chungu) ya Federal Way, jimbo la Washington, Marekani, wakaondoka na miti miwili. Mmoja ni msonobari mweusi wa Kijapani ambao Juzaburo Furuzawa aliuotesha kwa mbegu ndani ya kopo, enzi za Vita Kuu ya Pili, alipokuwa amezuiliwa katika kambi ya Topaz, Utah, pamoja na maelfu ya wenzake wenye asili ya Japani. Siku chache baadaye miti yote miwili ilikutwa imeachwa kwenye barabara ya kuingilia makumbusho. Mwaka mmoja kabla, huko Kawaguchi, Japani, bonsai saba ziliibwa kwenye bustani ya familia moja, ukiwemo mreteni wa miaka ipatayo 400 uliothaminiwa zaidi ya yen milioni 10. Mke wa mtunzaji aliwaomba wezi, kupitia Facebook, wazimwagilie maji.

Kufuli, kamera, na waya wa kufungia chungu mezani kupitia matundu yake ya chini, kila mwenye bonsai anavijua. Ugumu huja mti ukishapatikana: chungu kimebadilishwa, matawi mawili yamekatwa, na aliyenao anaapa ni wake. Picha za shina na mizizi ya juu husaidia. DNA haitoshi kila mara, kwa sababu mireteni mingi (ndugu wa mtarakwa wetu) huoteshwa kwa vipandikizi, na kila kipandikizi kina DNA ile ile ya mti mama.

Ndipo baadhi ya watunzaji wakaazima kifaa cha mbwa na paka: kidonge cha kioo chenye urefu wa milimita 12 hivi, ndani yake koili ya waya wa shaba na saketi iliyobeba namba ya tarakimu 15. Wengi hukiita chipu, neno lisilosema kinafanya kazi gani na linalonikumbusha chipsi. Mimi nitakiita kitambulishi, na mashine inayokisoma nitaiita kisomeo.

Kinachonifurahisha ni kwamba kitambulishi hakina betri. Hulala kimya ndani ya mti miaka nenda rudi. Kisomeo kikisogezwa, koili yake hutoa uga wa sumaku unaopanda na kushuka mara 134,200 kwa sekunde. Uga ukipenya koili ya kitambulishi, umeme kidogo huzalishwa humo, saketi ikaamka. Na jibu lake?

Mfikirie mvuvi wa mshipi, usiku, juu ya mtumbwi. Samaki hamwoni, lakini kidole chake kinajua: changu hudonoadonoa, chewa huvuta kwa uzito mara moja. Sasa mpe samaki wa ajabu, asiye na nguvu yoyote mpaka ale chambo, na ambaye akishakila huvuta kwa mpangilio: zito, jepesi, jepesi, zito. Mvuvi anayeujua mpangilio huo anasoma namba kwa kidole. Saketi hufanya hivyo hivyo: hubadilisha mzigo kwenye koili yake, na kisomeo huhisi uga wake chenyewe ukilemewa na kuachiwa. Samaki hakupaza sauti. Amevuta uzi wa mvuvi, kwa nguvu za chambo cha mvuvi.

Masafa haya ya chini hayasumbuliwi na maji, na mti hai umejaa maji. Mawimbi ya masafa ya juu sana yangemezwa humo. Tena kuna jambo la pili zuri. Kidonge huingizwa kwenye kitundu chini ya shina, upande wa nyuma, kikazibwa. Mti huongeza mbao mpya kwa nje, kwa hiyo kidonge hakisogei; mti ndio unaokipita. Mti wa msituni ungekifukia mbali, lakini bonsai hunenepa kidogo mno, na baada ya miongo kadhaa bado kiko karibu na ganda.

Kitambulishi hakionyeshi mti uko wapi, na mwizi mjuzi aweza kukichimbua. Haya; lakini kisipochimbuliwa, mti ukipatikana kinaonyesha ni wa nani.

Kisomeo si lazima ununue. Baadhi ya madaktari wa mifugo wanacho, na kinachofuata viwango vya kimataifa hakitofautishi mreteni na mbwa. Namba iandikwe pamoja na picha za shina kutoka pande zote, ili polisi wapewe vyote siku ya kuripoti wizi. Na anayeuziwa bonsai ya zamani kwa bei ya kutupa aupitishe mti kwenye kisomeo kabla hajatoa pesa.